Oganoidi ya utumbo wa panya

Oganoidi ya utumbo wa panya ni donge dogo la seli hai linalokuzwa maabara kutokana na seli shina za utumbo wa panya, nalo huiga umbo na kazi za utando wa ndani wa utumbo. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 2009 na Toshiro Sato, Hans Clevers na wenzao wa Taasisi ya Hubrecht, Utrecht, Uholanzi. Vishimo vya utando hutengwa, huzamishwa katika jeli ya protini, kisha hulishwa kimiminika chenye vichocheo vya ukuaji, hasa EGF, nogini na R-spondini. Oganoidi ya kawaida huchipua vichomozo; iliyopoteza jeni APC huwa duara na huendelea kukua hata bila R-spondini. Tofauti hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa hitilafu ya APC ndiyo huanzisha saratani nyingi za utumbo mpana. Hata hivyo, oganoidi haina mishipa ya damu wala seli za kinga, hivyo peke yake haitoshi kuthibitisha dawa.