Mfukoni Nyepesi, Mkononi Nzito: Kisa cha Bastola Isiyogoma

Najua nimepotea kidogo, mambo ya deadline yalinibana. Leo naomba tuweke siasa pembeni, tuongelee historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwenye sinema tu.

Mnavikumbuka vibanda vya video? Tulikaa kwenye mabenchi, jasho linatutoka, tukihesabu risasi za staringi. Silinda ya bastola ina matundu sita, lakini staringi anapiga hata kumi na tano bila kuongeza. Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani. Ila kuna jambo moja hakuna aliyelibishia: bastola ile ya silinda haikuwahi kugoma.

Imani hiyo haikuwa yetu watoto peke yetu. Kule Marekani, askari, walinzi na raia waliishi nayo kwa zaidi ya miaka mia moja, na ina msingi wake. Bastola ya magazini inategemea kila risasi ilipuke vizuri ili isukume ganda nje na kuingiza risasi nyingine. Risasi moja ikiwa mbovu, mpaka uivute bastola kwa mkono. Rivolva, yaani hii ya silinda, haina shida hiyo. Risasi ikigoma, unavuta kifyatulio tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Basi, yamekwisha.

Sasa niwasimulie jinsi imani hiyo ilivyokuja kupasuka, na kilichoipasua ni tamaa ya kutaka nguvu nyingi ndani ya kitu chepesi.

Tuanzie mbali kidogo. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake Marekani mwaka 1836. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico, alitengeneza bastola kubwa iliyoitwa Walker, kwa jina la kapteni Samuel Walker aliyesaidia kuibuni. Ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi na ilishiba baruti kwelikweli. Baadhi ya silinda zilipasuka. Halafu kukawa na kero nyingine: chini ya mtutu kulikuwa na wenzo wa kushindilia risasi, na bastola ilipopiga teke, wenzo ule ulianguka wenyewe na kuizuia silinda isizunguke. Watu wakawa wanaufunga kwa kamba ya ngozi. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, teke la bastola liliweza kuifunga bastola yenyewe. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ikaleta rivolva ya risasi za ganda la chuma, ambamo baruti, fataki na kichwa cha risasi vimefungwa pamoja. Teknolojia hiyo ilipokua, matatizo mengi ya zamani yalikwisha. Hapo ndipo sifa ya kutogoma ilipopata nguvu.

Kisha ikaja hamu ya kuificha mfukoni. Waingereza walikuwa na Webley Bulldog tangu miaka ya 1870, fupi na yenye risasi nene. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mwaka 1881 kwa bastola ya aina hiyo ya Bulldog. Mwaka 1927 Colt wakatoa Detective Special, mtutu wa inchi 2, risasi sita za .38 Special. Ikawa bastola ya wapelelezi, ile inayokaa chini ya koti. Risasi yake ilikuwa ya wastani na bastola ilikuwa ya chuma, kwa hiyo mambo yalikwenda.

Mwaka 1935 wakaja na .357 Magnum. Risasi hii ni ile ile .38 kwa unene, ila ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 hivi. Sababu ilikuwa ya busara sana: isiweze kuingia kwenye bastola za .38, ambazo zisingeweza kuhimili nguvu yake. Rivolva ya kwanza ya aina hiyo alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Jenerali Patton naye alikuwa na yake, yenye mpini wa pembe za ndovu. Ilikuwa nzito, zaidi ya kilo moja. Watu waliona uzito ule kama mzigo. Kumbe ulikuwa na kazi yake.

Baada ya vita kuu ya pili, mashindano ya kupunguza uzito yakaanza. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakatoa Chiefs Special, ndogo zaidi, risasi tano tu. Jeshi la anga la Marekani likataka nyepesi kupita hiyo, kwa ajili ya rubani atakayeanguka porini au baharini. Zikatengenezwa rivolva za alumini, fremu na silinda pia, za gramu 300 na kidogo. Ziliitwa Aircrewman, na jeshini zikapewa jina la M13.

Shida ikawa silinda. Alumini haikuweza kuhimili presha ya risasi ya kawaida ya .38. Dawa iliyopatikana ni kutengeneza risasi maalumu dhaifu, M41. Lakini ona mtego uliobaki: risasi ya kawaida ya .38 iliingia kwenye tundu lile lile bila kizuizi chochote. Ile busara ya 1935 ya kurefusha ganda haikuwepo hapa. Rubani aliye porini, mwenye hofu, akiokota risasi yoyote ya .38, bastola ingeweza kumpasukia mkononi. Mwishowe jeshi likaziondoa kazini na nyingi zikaharibiwa. Chache zilizobaki leo zinatafutwa na wakusanyaji kama almasi.

Mngedhani somo limeeleweka. Wapi!

Mwaka 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili na wenzao wawili wakauawa. Baada ya hapo polisi wengi wa Marekani waliharakisha kuhamia bastola za magazini. Rivolva ikabaki hasa kuwa ya akiba, ya kifundoni au mfukoni. Na kitu cha mfukoni lazima kiwe chepesi. Miaka ya 1990 ile .357 Magnum, iliyozaliwa kwenye chuma cha zaidi ya kilo, ikaingizwa kwenye bastola ndogo za risasi tano. Kisha zikaja silinda za titani, na mwaka 2001 fremu za alumini iliyochanganywa na skandiamu. Uzito ukashuka hadi karibu gramu 340. Safari hii madini yalikuwa imara, silinda hazikupasuka. Kilichoshindwa ni risasi.

Ngoja nieleze kwa lugha ya daladala. Umesimama katikati, hujashika bomba. Dereva anaondoa gari kwa fujo. Gari linakwenda, wewe unabaki nyuma, unamwangukia mama wa watu. Ndani ya silinda ni hivyo hivyo. Risasi moja inapolipuka, bastola inaruka nyuma kwa kasi. Maganda ya risasi zilizobaki yamekamatwa kwa kitako chake, kwa hiyo yanavutwa pamoja na bastola. Vichwa vya risasi ni abiria asiyeshika bomba: vinabaki pale vilipokuwa. Kinachovishikilia ni mdomo wa ganda tu, uliobanwa kiwandani. Na bastola ikipungua uzito mara tatu, kasi yake ya kurudi nyuma inaongezeka karibu mara tatu. Ule mbano hautoshi tena.

Kichwa kinachomoka kidogo kidogo. Kikitokeza mbele ya silinda, kinagonga fremu, silinda inakwama. Na hapa ile dawa ya zamani ya kuvuta tena haifanyi kazi, kwa sababu hakuna kinachozunguka. Kuifungua silinda nako ni kazi, maana kichwa hicho hicho kinaizuia isitoke pembeni.

Tena kuna jambo linaloniumiza zaidi. Risasi ya kwanza haiteseki hata kidogo. Ya pili imepigwa teke moja, ya tatu mawili, ya tano manne. Yaani inayoweza kukusaliti zaidi ni ya mwisho, ile unayoifikia pale hali ilipokwisha kuwa mbaya.

Watengenezaji waliliona hilo. Ubavuni mwa mtutu wa baadhi ya bastola hizo wameandika kwamba zisitumie risasi za kichwa chepesi chini ya greini 120. Wenye nazo wakazoea kipimo kimoja cha kawaida: jaza zote, piga zote isipokuwa moja, kisha itoe hiyo uiangalie kama kichwa kimesogea. Mtutu mfupi nao una hasara yake, maana baruti nyingi huungulia nje. Mwanga na kishindo vinakuwa vikubwa, kasi inapungua. Ndiyo maana viwanda vya risasi vilianza kutengeneza risasi za mitutu mifupi peke yake.

Hadithi hiyo hiyo iliwafika wanaotembea kwenye misitu ya dubu. Ile .44 Magnum aliyoibeba Clint Eastwood kwenye sinema ya 1971 ilitoka kwenye bastola ya kilo 1.3 hivi. Mwaka 2003 risasi hiyo hiyo ikawekwa kwenye bastola ya gramu 740. Ni raha kutembea nayo kutwa nzima. Lakini dubu akitokea, anayehitajika si mbebaji.

Kwa maoni yangu hakuna aliyedanganya katika kisa hiki. Fundi alipunguza uzito kwa sababu mteja aliuomba, na mteja aliuomba kwa sababu silaha inabebwa siku elfu na hupigwa siku moja, au haipigwi kabisa. Tunanunua kwa ajili ya zile siku elfu. Ile siku moja tunaiachia sifa ya babu: "hizi hazigomi". Sifa ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa sifa ya bastola nzito.

Nikirudi kwenye kile kibanda cha video, naona tulikuwa tunahesabu kitu kisicho sahihi. Badala ya kuuliza amebakiza risasi ngapi, tungeuliza kama ile iliyobaki bado ina uwezo wa kutoka.

Haya wadau, nawasilisha. Wenye ujuzi wa mambo ya silaha mnisahihishe nilipoteleza. Wiki ijayo tunarudi kwenye siasa, Mungu akipenda.