SPEKTROSKOPIA YA FOTOELEKTRONI ZA IONI HASI

Ni elimu ya kupima nishati ya elektroni zinazong'olewa kwa nuru ya leza kutoka molekuli yenye elektroni moja ya ziada. Nayo hufaa mno kwa ioni ambazo, zikisisimuliwa, elektroni hiyo hutoka nje ya molekuli na kushikwa kwa udhaifu na ncha mbili za umeme wake, moja chanya na moja hasi.

Wabanguaji wa korosho wa Mtwara, kutoka Mikindani hata mlango wa Mto Ruvuma, waijua jamii ya kemikali ziitwazo fenoli kwa machungu, kwani mafuta ya ganda, yanayobabua vidole ambavyo aghalabu hupakwa majivu kwanza, yana kadanoli, ambayo kiini chake ni pete ya fenoli. Fenoli tupu ikivuliwa protoni huwa fenoksidi, nayo, kwa rai yetu, ndiyo mfano wa ioni hizo ulio dhahiri kuliko yote. Mwaka 2013 Lai-Sheng Wang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliipoza kwa baridi kali, wakaona kwamba, ingawa kuing'oa elektroni yake kwahitaji elektrovolti 2.253, yaani nuru ya kijani, chini ya kizingiti hicho kwa elektrovolti 0.012 tu ipo hali ambamo elektroni huelea mbali na pete. Na molekuli ikitikisika, mtikiso huo huikabidhi elektroni nishati yake, ikaruka.