Herufi Mbili Nyuma ya Giya

Baiskeli haina cheti cha kuzaliwa. Gari lina kadi na nyumba ina hati, lakini baiskeli hupita mikononi mwa watu watano bila karatasi hata moja, na kila anayeipata huipaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake. Ukitaka kujua umri wake, utawauliza wazee, na kila mzee atakupa mwaka wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli ya marehemu ami yangu wa Kikwajuni. Ilikuwa baiskeli ya mlimani, fremu nene, tairi pana za inchi 26, usukani ulionyooka, na rangi ya kijani ya kupakia mageti. Unguja haina mlima; kilele chake, Masingini, hakifiki hata mita 150. Hata hivyo ami aliipanda kwenda Bububu na kurudi kwa miaka mingi, mara akiwa na mkungu wa ndizi nyuma, mara na mtoto wa jirani.

Alipofariki, ikaandikwa kwenye orodha ya mirathi pamoja na cherehani, redio na sehemu yake ya nyumba. Hapo shangazi akasimamisha kazi. "Hiyo si mali yake," alisema. "Hiyo ni amana. Kaka yetu wa Maskati aliileta mwaka 1986, akamwachia aitunze mpaka watoto wake wakue." Kaka wa Maskati naye ametangulia mbele ya haki, na watoto wake wako hukohuko Oman. Hawakudai chochote. Aliyedai ni shangazi, na hakuwa akijidai mwenyewe. Alikuwa akimwogopea ndugu yake aliyelala kaburini. Kwa sheria yetu, deni na amana za maiti hutolewa kwanza, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Thamani ya ile baiskeli ilikuwa ndogo, lakini deni la maiti halina udogo.

Binamu mmoja akasema baiskeli ni ya Kiingereza, kwa kuwa vitu imara vyote kwake ni vya Kiingereza. Mwingine akasema ni ya Kichina. Mimi, niliyesoma historia chuoni na sijawahi kupata kazi inayoihitaji, nikakabidhiwa swali: hii baiskeli ni ya lini, na imetoka wapi?

Swali la kwanza lina mpaka wake katika historia ya aina yenyewe. Baiskeli za mlimani ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Chimbuko lake ni Marin, California, ambako miaka ya 1970 vijana walichukua baiskeli nzito za Schwinn za kabla ya Vita vya Pili wakashuka nazo milimani kwa kasi. Mashindano yao maarufu, Repack, yalianza Oktoba 1976. Jina hilo lina maana ya kujaza upya: breki ya nyuma ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na ilipata moto hadi grisi yote ikaungua, kwa hiyo baada ya kila mteremko ilibidi ijazwe nyingine. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli iliyobuniwa Marekani na kutengenezwa Japani, na ndipo aina hii ikaanza kufika madukani kwa wingi. Kwa hiyo baiskeli ya ami haikuweza kuwa ya zama za ukoloni. Lakini mwaka 1986 wa shangazi ulikuwa bado unawezekana.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mchangani, mzee aliyeanza kazi akiwa mtoto wa kupiga pampu. Aliigeuza juu chini, matairi yakatazama mbinguni. Kwa Raleigh za Nottingham, aliniambia, kazi ingekuwa nyepesi: ukikuta kitovu cha Sturmey-Archer, unafuta grisi na kusoma, kwa sababu kiwanda kiligonga mwaka kwenye chuma chenyewe. "Hizi za giya za nje nazo zina maandishi," akasema, "ila mimi sijui kuyasoma."

Nilijua pa kuanzia. Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921 mjini Sakai, karibu na Osaka, mji wa wahunzi wa visu na bunduki tangu zamani, ilikuwa na desturi ya kugonga herufi mbili ndogo kwenye vifaa vyake. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Disemba. Fundi akaloweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua nyuma ya kile kifaa kinachohamisha mnyororo, na tope la miaka likatoka. N F. Tukasugua upande wa ndani wa mkono wa pedali. N E.

N ni 1989. Mei na Juni.

Historia nzuri lazima ijipinge yenyewe kabla haijapingwa na wengine. Alfabeti ya Shimano ilifika Z mwaka 2001, kisha ikaanza upya, hivyo N ni 1989 na pia ni 2015. Lakini meno ya mbele ya baiskeli hii hayakuwa kwenye duara kamili. Yalikuwa na umbo la yai, muundo ulioitwa Biopace, uliotoka mwaka 1983 na kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Breki nazo zilikuwa za mtindo wa zamani, waya mmoja ukivuta pande zote mbili kwa juu, kabla ya breki za V za mwaka 1996 kuenea. Pia vifaa hubadilishwa, na tairi, tyubu na mnyororo havithibitishi kitu. Lakini mafundi wetu hubadilisha kilichoharibika tu. Sehemu mbili tofauti, zilizogongwa mwezi mmoja mbele ya mwenzake, hazikukutana kwa bahati. Zilitoka kiwandani pamoja.

Kilichobaki ni asili. Ringi ziliandikwa Araya, kampuni ya Japani, lakini hilo peke yake halitoshi, kwani ringi za Araya na giya za Shimano zilifungwa kwenye baiskeli za nusu ya dunia. Ushahidi ulikuwa kwenye bomba la chini ya kiti. Ami alipopaka rangi yake ya geti, aliizungushia brashi stika mbili kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kufuta muhuri wa serikali. Na kweli ulikuwa wa serikali. Ya kwanza ilikuwa na namba na maandishi ya Kijapani yanayosomeka Polisi ya Mkoa wa Kanagawa. Ni usajili dhidi ya wizi, ambao tangu mwaka 1994 ni lazima kwa kila mwenye baiskeli Japani. Ya pili ilikuwa alama ya TS, inayobandikwa fundi mwenye leseni anapokagua baiskeli, na juu yake tarehe kwa kalamu: mwaka wa 7. Wajapani wakati huo walihesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na enzi ya Heisei ilianza Januari 1989. Mwaka wa 7 ni 1995.

Basi baiskeli hii ilitengenezwa karibu na katikati ya 1989, na mwaka 1995 ilikuwa bado ikikaguliwa Kanagawa. Imefika kwetu baada ya hapo, kwa njia tunayoijua sote. Miji ya Japani ilijaa baiskeli zilizotelekezwa nje ya stesheni za treni, na sheria ya mwaka 1980 ikazipa halmashauri mamlaka ya kuziondoa. Zisizochukuliwa na wenyewe huuzwa, na nyingi huishia kwenye makontena. Na bandari yetu ilikuwa wazi: biashara ya kuingiza bidhaa ililegezwa mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar.

Kwa hiyo haikuwa baiskeli ya Maskati. Nilipomweleza shangazi, hakubisha. Alinyamaza, kisha akauliza kengele iko wapi. Na danamo? Ile aliyoikumbuka ilikuwa na taa inayowaka gurudumu likizunguka, na usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Baiskeli ya mlimani haijawahi kuwa na vitu hivyo. Fundi ndiye aliyemaliza: alikumbuka Phoenix nyeusi ya Shanghai, ambayo ami aliiuza kabla ya kununua hii ya kijani.

Kumbukumbu ya shangazi, basi, haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli juu ya baiskeli nyingine. Phoenix ilipoondoka, hadithi yake ilibaki bila chombo cha kuibeba, ikapanda hii mpya. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, amana nayo ilikuwa kweli: iliuzwa, na thamani yake ikabaki shingoni mwa marehemu. Tukapiga simu Maskati. Binamu yetu alicheka kwanza, kisha akasamehe kwa maneno yaliyo wazi, mashahidi wawili wakisikia. Baiskeli ya kijani ikarudi kwenye orodha kwa bei ya mtumba, ikaangukia fungu la binti mkubwa wa ami.

Wanunuzi wa chuma chakavu hupita mitaani kwetu na mizani, na mizani haisomi herufi. Kabla hujaitoa baiskeli iliyolala uani, igeuze juu chini. Futa nyuma ya giya, tazama ndani ya mkono wa pedali na chini ya kiti. Andika unachokikuta, kisha mwite mzee wa nyumba na umwachie aseme mwaka wake. Visipolingana, usikimbilie kumsahihisha. Muulize kwanza kama ilikuwa na kengele.