Ulinganishaji wa fezi (Ziwa Nyasa)

Ulinganishaji wa fezi ni hatua ya kuchakata data za mitetemo ambamo umbo la wimbi la upimaji mmoja hurekebishwa lifanane na la mwingine. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mbele ya Kyela, hatua hii haikwepeki: mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke ulipima ziwa miaka ya 1980, na ule wa SEGMeNT mwaka 2015, kila mmoja kwa vifaa vyake.

Tofauti ya fezi, yaani ya nafasi ya wimbi katika mzunguko wake, ikiwa ya nyuzi 180 hugeuza kilele kuwa bonde. Ya nyuzi 90, kwa wimbi la hezi 30, huhamisha kilele kwa milisekunde 8 hivi, yaani takribani mita 8 kwenye mashapo yanayopitisha sauti kwa mita 2,000 kwa sekunde, kwa kuwa muda huo ni wa kwenda na kurudi. Hapo tabaka moja huonekana limeshuka pale mistari ya upimaji inapokatana, na mtu akadhani ni ufa mdogo sambamba na ule mkubwa wa Livingstone.

Pa kuanzia ni sakafu ya ziwa: mwangwi wake ni safi na mwelekeo wake unajulikana. Muda husawazishwa kwanza, ndipo fezi izungushwe, kwani makosa ya muda na ya fezi hufanana sana kwa macho.