Kipawa na uhodari

Kwa Kiswahili, mwanafunzi anayewapita wenzake kwa mbali huitwa mwenye kipawa. Neno hili limetokana na kitenzi -pa: kipawa ni kitu ulichopewa, na mpaji ni Mungu. Ndiyo maana wahenga walisema juhudi haiondoi kudura.

Wavietnam humwita mwanafunzi huyo học sinh giỏi. Giỏi ni hodari, aliyebobea. Habari ya kupewa haimo. Neno hilo limekulia katika mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa China: mtu hujijenga kwa kusoma bila kuchoka na kumheshimu mwalimu, na mtoto akifaulu amewaheshimisha wazazi wake. Mitihani ya kuwachagua maofisa wa mfalme ilianza Vietnam mwaka 1075, ikakoma 1919. Katika Hekalu la Fasihi jijini Hanoi yamesalia mabamba 82 ya mawe yenye majina ya waliofaulu, pamoja na kwao walikotoka. Mwaka 1965, vita vikiendelea, Chuo Kikuu cha Hanoi kilifungua darasa maalumu la hisabati kwa vijana wa sekondari.

Kwa hiyo giỏi tuitafsiri “hodari”. Tukisema “mwenye kipawa”, jasho lote la mwanafunzi limefutika.

Tofauti hii ya maneno inaigusa Muhokya, wilayani Kasese nchini Uganda. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020 yalizing’oa familia nyingi za Kasese, na baadhi zikahamia kambi ya Muhokya. Mtoto akisomea kambini, giza likiingia kitabu hufungwa. Matokeo ya darasa la saba yakitoka na alama zake ni za wastani, mwalimu anayetazama kipawa peke yake atasema hakujaliwa. Anayetazama uhodari ataanza na maswali: ana taa? Ana daftari? Nani humsahihishia hesabu?

Uhodari nao una mzigo wake. Pale ambapo kila kitu ni juhudi, anayeshindwa huonekana mvivu aliyewaaibisha wazazi, naye huogopa hata kuuliza swali darasani. Mtoto huyo anahitaji kusikia kwamba radhi za wazazi hazipimwi kwa alama.

Basi maneno yote mawili tuyatunze, kila moja na kazi yake. Kipawa kiwe jina la wepesi aliozaliwa nao mtoto. Uhodari, la kile alichokifikia kwa kufundishwa na kujituma. Na katika vikao vya wazazi, kuanzia Muhokya hadi Bwera wilayani Kasese, asiitwe mtoto asiye na kipawa kabla hajapewa nafasi ya kuwa hodari.