Simba, Kimba na zile fulana za Hakuna Matata

Wiki hii nilitakiwa niwe nasoma kwa ajili ya tesiti, badala yake nimejikuta nafuatilia muziki wa katuni. Msinisemee kwa mwalimu. Someni kwanza, maana kisa chenyewe kina Kiswahili chetu ndani yake.

Kinaanzia Japani. Kati ya mwaka 1950 na 1954 mchoraji Osamu Tezuka alichora hadithi ndefu ya picha iitwayo Jungle Taitei, yaani mfalme wa msituni. Shujaa wake ni Leo, simba mweupe mdogo ambaye baba yake ameuawa na wawindaji, na sasa anatakiwa akue haraka awaongoze wanyama wenzake. Nchi yenyewe ni hii hii Afrika, ila ya kufikirika, wanyama wanaongea na wanalima mashamba. Mwaka 1965 ikawa katuni ya televisheni, mfululizo wa kwanza wa rangi kwa Wajapani, na mwaka 1966 ikafuata filamu ya sinema.

Muziki alitunga Isao Tomita. Jamani, huyu mzee (alifariki 2016) hakuwa na mchezo. Mtu ungetegemea vimziki vya kuchekesha watoto, yeye akaleta okestra nzima. Ukifumba macho unaona uwanda mpana na jua linapanda taratibu, wala huhitaji picha. Mwaka huo huo wa 1966 akautoa muziki ule kwenye santuri kama simfoni ya kusimulia hadithi, makusudi kwa watoto. Na filamu mpya ya Jungle Taitei ilipotengenezwa mwaka 1997, aliyeitwa kutunga ni yeye tena. Miaka thelathini na moja baadaye! Wangapi wanarudi kwenye kazi ya ujanani na bado ina maji?

Sasa hapo ndipo tunaingia sisi. Kituo cha NBC cha Marekani kilipoichukua ile katuni ya televisheni, walitaka Leo apewe jina la Kiafrika. Fred Ladd, aliyesimamia toleo la Kiingereza, ameeleza kwamba walianza na Simba. Safi kabisa, si ndiyo? Tatizo likawa kwamba simba ni neno la kawaida la Kiswahili, la kila mtu, na NBC walitaka jina wanaloweza kulisajili likawa mali yao. Basi wakatoa S wakaweka K. Akawa Kimba. Wangeuliza Mswahili mmoja tu! Fungueni kamusi: kimba ni mzoga, na ile maana nyingine siiandiki hapa, mama anaweza kusoma.

Mimi hilo nalipenda sana. Neno letu liliwashinda kulimiliki kwa sababu tu tunalitumia kila siku.

Halafu ikaja 1994, Disney wakatoa The Lion King. Mwana-simba, baba anauawa, jina Simba. Wachoraji wa Japani kwa mamia walitia saini barua ya kulalamika kwamba Tezuka hakutajwa popote. Disney walikana kuiga. Ubishi huo wa hadithi siuwezi, wengine wanasema ni Hamlet ya Shakespeare tu imevalishwa manyoya. Mimi nafuata nyimbo.

Kwanza niondoe jambo moja: ule wito wa mwanzo kabisa, jua linapochomoza, si Kiswahili. Ni Kizulu, na sauti ni ya Lebo M wa Soweto. Tunasifiwa bure.

Chetu ni Hakuna Matata. Pale kwenye filamu palikuwa na wimbo mwingine wa ngiri, ukaonekana hautoshi. Timu ya watengenezaji ilikuwa imekwenda safari Kenya, ikarudi na hayo maneno mawili waliyoyasikia kwa mwongozaji wa watalii. Tim Rice akaandika mashairi, Elton John akatia muziki, na wimbo ukafika hadi kugombea Oscar mwaka 1995. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yameshaimbwa zamani. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikipiga kwenye mahoteli ya pwani ya Kenya, ilitoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka 1983 Boney M wakatoa toleo lao. Hadi leo wapagazi wa Kilimanjaro wanauimba kwa wageni.

Kwetu Tandala huwezi kusikia mtu anasema hakuna matata. Utaambiwa kamwene, utaulizwa habari za baridi na viazi, na mambo yakiwa sawa ni "hamna shida". Hakuna matata ni Kiswahili sahihi, sikatai, ila kimevaa nguo za mgeni.

Na nguo ndiyo kesi yenyewe. Mwaka huo huo wa 1994 Disney waliomba kusajili maneno hayo kama alama ya biashara Marekani, kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 wakakubaliwa. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe akaanzisha ombi la kupinga, watu zaidi ya laki moja wakasaini. Wengi walielewa kwamba tumekatazwa kuongea. Hapana, usajili ni wa mavazi, mdomo wako ni wako. Lakini lile lililowashinda NBC kwa neno moja, hawa waliliweza kwa maneno mawili.

Kuna aliyeumia zaidi yetu. Mule mule kwenye filamu Timon na Pumbaa wanaimba The Lion Sleeps Tonight. Wimbo huo unatokana na Mbube, aliourekodi Mzulu Solomon Linda huko Johannesburg mwaka 1939. Inasimuliwa kwamba haki zake ziliondoka kwa shilingi 10. Alifariki 1962 akiwa fukara. Binti zake walipeleka kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa. Miaka 44 baba yao yuko kaburini.

Siku ukipita Makambako sokoni, pekua mitumba vizuri. Fulana ya Hakuna Matata huikosi, imetoka huko imerudi huku, na tunainunua.

Simfoni ya Tomita ninayo. Anayetaka kusikiliza aje chumbani baada ya tesiti, aje na hedifoni zake.