Gurudumu chini ya Paa

Wako waandishi waisimuliao habari ya baiskeli kana kwamba ni habari ya barabara tu: nani alikwenda mbali, na kwa saa ngapi. Lakini fungu moja la habari hiyo lilitendeka ndani ya nyumba, na aliyewaingiza watu ndani ni baridi.

Katika majira ya baridi ya 1868 na 1869 miji ya kaskazini ya Marekani ilishikwa na wazimu wa velosipedi. Chombo hicho, ambacho Pierre Lallement alipewa haki ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1866, kilikuwa kizito. Magurudumu yalikuwa ya mti yaliyovikwa chuma, na pedali zilifungwa katika gurudumu la mbele. Nje palikuwa na theluji, basi watu wakajifunza katika kumbi zenye sakafu ya mbao. Ndugu wa Hanlon, wanasarakasi mashuhuri, walikuwa miongoni mwa waliokionyesha hadharani. Baridi ilipokwisha wanafunzi wakatoka nje kwa fahari, wakakuta mawe, matope na vilima. Katika baadhi ya miji wakakuta pia sheria ya kuwakataza njia za waendao kwa miguu. Kabla ya mwaka kwisha shauku ilikuwa imezimika.

Yamkini msomaji atasema ukumbi uliwadanganya. Mimi hukumu hiyo naiona nyepesi. Ukumbi ulifundisha kweli, ila kweli yake haikuwa ya safari. Ndani ya kuta nne mtu hana aendako. Hubakiwa na swali moja: atakaaje juu ya gurudumu asianguke?

Swali hilo alilishika Nicholas Kaufmann wa Rochester, mji ulio kando ya Ziwa Ontario, penye theluji nyingi. Mwaka 1888 alishinda huko shindano lihesabiwalo kuwa la kwanza la dunia katika sanaa ya baiskeli, ingawa halikuwa rasmi. Siku hizo baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma ilikuwa ingali ikitumika. Mpandaji akiinama mno, lile dogo huinuka: mwoga huanguka, hodari hujaribu kubaki hivyo hivyo. Husemwa kwamba baiskeli ya gurudumu moja ilizaliwa humo, na maneno hayo yaingia akilini, maana ukiliondoa gurudumu la nyuma, kiti na pedali hubaki karibu pale pale.

Wajerumani waliipenda sanaa hiyo na kuiwekea kanuni. Mashindano rasmi ya dunia yalianza mwaka 1956 kwa wanaume. Wanawake walingojea hadi 1970, jambo ambalo sioni udhuru wake. Katika kumbi za Ujerumani wako pia waendeshao gurudumu moja kwa makundi ya watu wanne au sita. Pedali zimeshikamana na gurudumu, haziendi bure. Akitaka kusimama, mpandaji hulisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo, bila kukoma. Wale wanne hushikana mikono na kuzunguka pamoja, na mmoja akiyumba, watatu huyumba naye.